Usiende mchangani kumtafuta Samatta

Jumapili moja nilikosa bao. Si kwamba nilikuwa nacheza, magoti yangu yalishagoma zamani, nilikosa kuliona. Kona ilikuwa inapigwa, nikageuka kumlipa mama wa mihogo shilingi mia tano yake, nikasikia uwanja mzima umelipuka. Nilipogeuka, kipa alikuwa anauokota mpira wavuni huku anamtukana beki wake. Basi nikasimama na kikaratasi changu cha mihogo, nikasubiri warudie. Kweli kabisa, sekunde mbili tatu nzima. Macho yamezoea runinga: bao likiingia litarudiwa kwa mbele, kwa nyuma, kwa mwendo wa kobe. Mzee aliyekuwa pembeni yangu akaniangalia usoni, akanielewa, akacheka. "Limeshapita hilo, mwanangu. Ungeivumilia njaa kidogo ungeliona."

Nina miaka sita sasa naenda kwenye mechi za mchangani, zile za timu za mtaa kwenye viwanja vya mchanga, karibu kila wikiendi ambayo sina msiba wala harusi. Kinesi pale Ubungo, Bandari kule Temeke, na viwanja vya Tandale na Mbagala ambavyo jina lake ni "pale nyuma ya shule" tu. Siku moja niliteremka kwenye basi njiani Bagamoyo kwa sababu niliona watu wamejaa juu ya mwembe. Timu sina. Nikifika naangalia jua limekaa wapi, na timu inayoshangiliwa na upande wenye kivuli ndiyo yangu mpaka filimbi ya mwisho. Kivuli kikihama nahama nacho, na nimeshaitwa msaliti kwa ajili hiyo.

Nikimsimulia mtu habari hizi, jibu lake nalijua kabla hajafungua kinywa: "Safi sana kaka, huko ndiko kwenye vipaji." Halafu anakuja Mbwana Samatta. Lazima aje. Kijana wa Mbagala, alianzia Mbagala Market, timu ambayo baadaye ikaitwa African Lyon, akapita Simba, akatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, akaenda Genk, na Januari 2020 akatua Aston Villa akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo akafunga kwa kichwa pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walilala 2-1, ila mtaani kwetu ungedhani kombe limekuja Temeke.

Hadithi hiyo naipenda kama mnavyoipenda. Ninachokataa ni kuigeuza kuwa sababu ya mchangani kuwepo.

Piga hesabu. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kila timu ikisajili wachezaji 30, hizo ni nafasi 480 nchi nzima, na sehemu yake wanachukua wageni. Sasa nenda Temeke peke yake Jumamosi saa kumi alasiri, uhesabu vijana waliovaa njumu. Tukisema mchangani ni kitalu cha vipaji, yule beki wa kati wa miaka 36, fundi aluminiamu, anayetoka kazini Jumamosi saa nane na kufika uwanjani mikono bado ina vumbi la kukata fremu, yeye ni nini? Mche uliodumaa? Yule hatafuti wakala. Anajua winga wa leo ni yule dereva wa bajaji aliyempita mwaka jana kama amesimama, na wiki nzima amekuwa akilifikiria hilo. Amekuja kulipa deni. Na mimi nimekuja kuona kama atalilipa.

Hiyo ndiyo starehe yenyewe, na runinga haiwezi kukuletea. Pale Mkapa nimekaa mara nyingi, uwanja wa watu 60,000, nikiwa juu kule ambako mchezaji unamtambua kwa rangi ya viatu. Mchangani unasimama hatua moja kutoka kwenye mstari. Mstari wenyewe ni chokaa, na siku chokaa ikikosekana ni majivu. Unasikia ugoko ukigongana na ugoko. Unasikia nahodha akimwambia kipa wake kwa sauti ya chini kabisa, "Huyu anapiga kushoto, huyu anapiga kushoto," na wewe unajua, na mpigaji amesikia, na mpigaji anajua kwamba kipa anajua. Mpira ukitoka unakuja miguuni mwako na watu mia mbili wanakutazama unavyourudisha. Mimi niliwahi kuupiga ukaenda juu ya paa la bati la nyumba ya jirani. Mechi ikasimama, mtoto akapandishwa, na mama mwenye nyumba akatoka na kanga akauliza ni nani. Nikaoneshwa kwa vidole na timu zote mbili.

Kisha kuna mchanga wenyewe, ambao watu wa kwenye kochi hawauelewi. Mchanga unakula pasi. Ukipiga ya chini chini mita ishirini, mpira unafika umechoka, au haufiki. Ndiyo maana kiungo mzuri wa mchangani ana ule ujanja wa kuuinua mpira kidogo kwa ncha ya kiatu kabla ya kuutoa, ili uvuke mahali pabovu. Mgeni akiona anadhani ni madoido. Mabovu hayo wenyeji wanayajua kwa majina: pale kwenye shimo, pale kwenye mzizi, pale alipovunjika fulani. Sheria za mpira zinataka uwanja uwe na urefu wa kati ya mita 90 na 120; uwanja mmoja ninaoupenda kule Tandale nadhani haufiki, na kona yake ya kulia imebanwa na ukuta wa gesti kiasi kwamba mpigaji hana nafasi ya kurudi nyuma zaidi ya hatua mbili. Kwa hiyo kona ya upande ule anapiga mtu mmoja tu, miaka yote. Amejifunza kuipiga akiwa amesimama, mgongo umegusa ukuta, na mpira unakata kuelekea nguzo ya mbali ya goli vizuri kuliko kona nyingi ninazoziona Jumamosi usiku kutoka Ulaya. Kona ya kushoto akipewa, anaharibu.

Sitaki kuwachora kama malaika. Mchangani kuna mamluki. Timu ya mtaa imefika nusu fainali, ghafla mbele anaonekana kijana mwenye misuli ya kula vizuri, hakuna anayemjua, jina lake kwenye karatasi ya refa ni la mtu aliyehamia Kigamboni zamani. Kumbe ni wa Ligi Kuu, klabu yake haina habari, mwajiri wa siku hiyo ni mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akifunga tunashangilia, akiumia sijui anaenda kueleza nini kwa bosi wake. Kuna kamati za ufundi, na mnajua ufundi ninaousema ni wa waganga, si wa mazoezi. Nimeona timu nzima imekataa kupita getini, ikaruka ukuta mmoja mmoja, kipa akachanika bukta. Tusiwacheke sana, hata Ligi Kuu timu zinapigwa faini kwa kuingia mlango usio rasmi.

Na kuna marefa. Refa wa mchangani ndiye mtu jasiri kuliko wote pale. Kabla ya filimbi ya kwanza tazama bodaboda yake imeegeshwa wapi na imeelekea wapi. Ikielekea barabarani, ujue ni mzoefu. Siku moja alitoa penati dakika za mwisho dhidi ya wenyeji, akaionesha alama kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto unapapasa ufunguo mfukoni. Hayo ni mabaya, sibishi, na kuna refa mmoja alipigwa jiwe akashonwa nyuzi. Nami siku hizo huwa narudi nyumbani nimekasirika, naapa siendi tena, na Jumamosi nipo.

Lakini kinachoniudhi zaidi hakiko ndani ya mistari. Uwanja niliouanzia, ule ulionifundisha mambo haya, ulikuwa na mwembe kila upande. Kwanza likaja banda la kuoshea magari kwenye kona. Tukasema si neno, maji yanatuliza vumbi. Kisha ukaja uzio wa mabati "wa muda". Mwaka uliofuata goli moja likasogezwa ndani hatua kumi, wachezaji wakawa tisa kwa tisa, halafu saba kwa saba, na sasa ukipita pale utakuta malori ya mchanga na nondo. Hakuna aliyekuja siku moja kusema uwanja umekufa. Uliliwa kama mkate, kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuwa na karatasi yenye muhuri. Tunajiandaa kupokea AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, kuna uwanja mpya Arusha, na mimi nafurahi kama Mtanzania yeyote. Ila sijasikia mtu akiuliza kata yake ina viwanja vingapi vilivyopimwa na kuandikwa kuwa ni vya wazi. Na hoja ya vipaji haisaidii hapa, inaumiza. Ukishasema uwanja upo ili kuzalisha nyota, mwenye mabati anakuuliza: huu umezalisha nani? Nawe huna jibu, kwa sababu umezalisha fundi aluminiamu na deni lake.

Waingereza, ambao mpira wao tunaukariri kuliko majina ya wajomba zetu, wana siku yao maalumu tangu 2010: ligi kubwa zikisimama kupisha timu za taifa, mashabiki wanahimizwa kwenda kuangalia timu ndogo za nje ya ligi za kulipwa, kwenye viwanja vya mitaani kwao. Sisi ligi ikisimama tunashinda kijiweni tukibishana usajili wa dirisha ambalo halijafunguliwa, na umbali wa nauli moja ya mwendokasi kuna mechi.

Nimalizie na fainali niliyoiona mwaka juzi. Zawadi ya kwanza ilikuwa ng'ombe, ya pili mbuzi, na wote wawili walifungwa kwenye nguzo nyuma ya goli, mbuzi akitafuna kamba ya bendera ya kona. Mechi ilikuwa ianze saa kumi. Mgeni rasmi alikuwa njiani. Saa kumi na nusu, njiani. Alifika saa kumi na moja kasoro, akakagua timu taratibu kama ana mchana mzima, akatoa hotuba. Kwa hiyo dakika 80 zilipoisha ikiwa 1-1, adhana ya magharibi ilikuwa imeshatoka, wengine walishakwenda kuswali na kurudi, na giza lilikuwa la kweli. Watu wakagoma kuondoka. Penati zipigwe.

Vijana wa bodaboda wakasogeza pikipiki zao nyuma ya mpigaji, kama ishirini hivi, wakawasha taa zote kuelekea golini. Kipa wa kwanza akalalamika haoni kitu, anaona jua. Wakazima za kushoto. Kipa wa pili akataka za kushoto ziwashwe na za kulia zizimwe. Kila penati ilianza na majadiliano ya taa. Ikafika 4-4, akasogea kupiga yule mtu wa kona, na safari hii hakuwa na ukuta mgongoni, alikuwa na giza lote la Tandale. Akarudi hatua nyingi mno, akakimbia, akapiga.

Wavu ule ulikuwa wa uvuvi, wenye tundu pembeni unaloweza kupitisha kuku. Mpira ukapotea. Pande zote mbili zikashangilia. Wengine walishaanza kumfungua ng'ombe. Refa akaenda na taa ya simu, akapiga magoti, akaangalia mchanga, akaangalia tundu, akamwangalia mbuzi.

"Umeliona hilo?" mzee akaniuliza, yuleyule wa mihogo.

"Sijaliona, mzee. Wewe?"

"Mimi nilikuwa namwangalia refa," akasema. "Pikipiki yake iko wapi?"