Kwenye ramani ya kompyuta, Pemba ilikuwa maji

Nianze na siku niliyoikosa Pemba. Nilikuwa nasoma masters, niko maabara, supavaiza kanipa faili la ramani ya bahari, vile visanduku ambavyo kila kimoja kinaandikwa 1 kama ni maji na 0 kama ni nchi kavu, nikazum mpaka kwetu. Bara lipo, Tanga ipo, Unguja kisanduku kimoja tu kimekaa peke yake kama punje ya mtama, nikapanda juu kidogo kuitafuta Pemba nakuta 1, 1, 1, 1. Maji. Wete maji, Chake maji, skuli niliyosoma maji, kaburi la bibi yangu maji. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakata.

Wala si chuki ya mtu. Kila kisanduku kwenye ile modeli, yani programu inayoiigiza bahari kwa hesabu, kilikuwa na kilomita 50 na kitu kila upande, na Pemba yetu urefu wake ni kilomita 60 na kitu, upana haufiki hata 25, sasa kisanduku kikiwa zaidi ya nusu yake ni bahari kinahesabiwa bahari, kwisha. Unguja imeponea chupuchupu kwa kuwa ni kubwa kidogo.

Lakini fikiria mwaka 1872. Kimbunga kilikuja mwezi wa nne kikaipiga Unguja, mikarafuu ikang'oka mashamba kwa mashamba, Pemba ikasalimika, na ndo mana mpaka leo ukisema karafuu unasema Pemba. Kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ni kilomita 50 hivi, yani upana wa kisanduku kimoja cha ile modeli. Historia nzima ya karafuu zetu, nani alifilisika nani alipata, imo ndani ya kitu ambacho kompyuta ile ingekiona ni nukta moja. Na 2024 mwezi wa tano kilipokuja kimbunga Hidaya sote tulikuwa tunaangalia simu, kila mtu anatuma picha ile ya duara linazunguka, na swali la watu barazani lilikuwa moja tu: litapita wapi? Kwa mvuvi wa Msuka "pwani ya Tanzania" si jibu.

Basi hiyo ndo kazi yangu, kuvifanya visanduku viwe vidogo. Ukisikia hivyo unaona rahisi, na hapo ndo penye balaa lote. Ukikigawa kisanduku nusu kwa nusu unapata vinne, halafu na hatua za muda, yani ule muda kati ya hesabu moja na inayofuata, lazima uzipunguze nusu, la sivyo wimbi linaruka kisanduku kizima kwa hatua moja na hesabu zinapasuka, kwa hiyo kila ukipunguza nusu kazi inazidi mara 8. Ukitoka kilomita 50 mpaka 1, eneo lile lile, kazi imezidi mara 125,000. Leptopu itayeyuka. Hapo ndipo unapohitaji prosesa, yani bongo za kompyuta, mia, elfu, zifanye kazi pamoja kwa wakati mmoja, paraleli, na mtu wa kuzipanga zisigombane. Huyo mtu ndo mimi. Watu wengi mtaani wanajua mimi ni fundi kompyuta, nishaletewa printa mpaka ya mskitini.

Bi mkubwa ndo aliyenibana kweli. Nilikuwa nyumbani Wete likizo, nimekaa ukumbini na leptopu, skrini nyeusi maandishi meupe.
"Hiyo kompyuta yako kubwa iko wapi mwanangu?"
"Iko Cape Town mama."
"Na wewe uko hapa."
"Ndio mama."
"Sasa huko nani anaifanyia kazi?"
Nikamwambia naituma mimi kutoka hapa, naiandikia barua ya maelezo, inaweka kazi yangu kwenye foleni, zamu yangu ikifika inafanya, ikimaliza inaniletea majibu. Akafikiri kidogo akasema, "Kumbe na huko kuna foleni." Kuna foleni mama, tena foleni haswa. Mashine yenyewe inaitwa Lengau, yani duma kwa Kitswana, ilianza kazi 2016, na sisi wa nchi za jirani tunagawiwa masaa ya kuitumia. Mbio ni za duma lakini mpaka zamu yako ifike unaweza kunywa chai mara tatu ukalala.

Nikieleza ndani inakuwaje watu wanasinzia, kwa hiyo nieleze kwa namna yetu. Bahari unaikata vipande, kila prosesa kipande chake, kama warithi waliogawana shamba. Kila mmoja anahesabu mawimbi na mikondo na joto ndani ya mpaka wake, lakini maji hayajui mipaka, kwa hiyo kila hatua lazima kila mmoja amwambie jirani, "ukingoni kwangu hali iko hivi, kwako vipi?" Ndo mtindo wa MPI, utaratibu wa prosesa kutumiana ujumbe, uliotoka kama kanuni rasmi 1994 na bado tunautumia. Hesabu zenyewe si tatizo, tatizo ni mazungumzo. Mimi binafsi nishachoma siku mbili za masaa ya mashine kwa sababu ya adabu tu. Prosesa A imekaa inangoja neno la B kabla haijatuma lake, B nayo inangoja la A. Umeshawahi kuona wazee wawili wa Kizanzibari mlangoni? "Tangulia sheikh." "Hapana, wewe tangulia." "Haiwezekani, wewe mkubwa." Basi wale wazee niliwaweka 240 kwenye mlango mmoja Ijumaa jioni nikaenda zangu, Jumapili narudi wamesimama pale pale, hajaingia hata mmoja, na masaa yamekatwa yote. Kosa lilikuwa mistari miwili imebadilishana nafasi.

Wazo lenyewe la kugawana ni la zamani kuliko mashine. Kuna Muingereza anaitwa Lewis Fry Richardson, wakati wa vita vikuu vya kwanza alikuwa anabeba majeruhi kwa gari ya wagonjwa huko Ufaransa na huku anajaribu kupiga hesabu ya hali ya hewa kwa mkono. Utabiri wa masaa sita ulimchukua wiki sita hivi, na mwisho wake ukatoka makosa matupu! Kwenye kitabu chake cha 1922 akaota ukumbi mkubwa wa duara wenye watu 64,000, kila mmoja anahesabu kipande chake cha dunia na kumpa jirani matokeo, na katikati yupo mtu anawamulika taa wanaokwenda mbio na wanaochelewa. Hakuna kompyuta hata moja pale. Mimi nikisoma habari ile naona programu yangu, kila kitu kipo, mpaka yule wa taa.

Halafu kuna Amdahl, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, 1967, huyu ndo mkata tamaa wa fani nzima. Anasema angalia sehemu ya kazi isiyogawika, hiyo ndo itakayokuamulia. Kama asilimia 5 ya kazi haigawiki basi hata ulete prosesa milioni hutozidi mara 20. Wanafunzi wanakunja uso, mimi nawaambia nyie wa Pemba hamna haki ya kukunja uso. Msimu wa karafuu shamba la ami yangu, wachumaji watano ukiwafanya hamsini mikarafuu itamalizika haraka, sawa, na usiku ukikusanya watoto wote wa mtaa kuchambua makonyo yatatoka haraka, sawa, lakini asubuhi ukishaanika jamvini jua ni moja. Siku zake nne tano zitakaa pale pale, ugeuze usigeuze, na ikinyesha ndo usiseme. Ami alikuwa anasema "jua haliajiriwi". Kanuni yote ya Amdahl imo humo, bila ya sehemu na kipeo.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Mwaka juzi nilialikwa kikao, ofisi siitaji, na mkubwa mmoja akasimama akasema na sisi Zanzibar tunahitaji superkompyuta yetu. Makofi. Mimi sikupiga, jirani yangu akanitazama.

Hebu tupige hesabu kidogo. Frontier ya Marekani, ile ya 2022 iliyokuwa ya kwanza kuvuka eksaflopu 1, yani hesabu bilioni mara bilioni kwa sekunde, kwenye TOP500, orodha ya mashine zenye mbio kuliko zote duniani, inakula umeme wa megawati 21 hivi. Waya wetu wa baharini uliowekwa 2013 kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba unabeba megawati 100. Mashine moja, moja ya tano ya waya. Na sisi ndo wale wale ambao mwisho wa 2009 Unguja iliingia kiza miezi mitatu. Haya, utaniambia hatutaki kubwa vile, tunataka ndogo. Sawa. Ndogo nayo inataka kiyoyozi usiku na mchana, inataka umeme usioruka, na zaidi ya yote inazeeka kama samaki juani. Roadrunner ya Los Alamos, Marekani, mashine ya kwanza kufika petaflopu, yani moja ya elfu ya eksaflopu, 2008, dola milioni 100 na zaidi, 2013 wakaizima. Miaka mitano! Si kwamba iliharibika, ilikuwa inafanya kazi vizuri, ila umeme inaokula haulingani tena na kazi inayotoa. Huku kwetu gari ya miaka mitano ndo kwanza inashushwa bandarini.

Na ofisi ile ile ya makofi, naapa, ina seva mbili za msaada ziko stoo na nailoni zake. Nilipouliza nikaambiwa anasubiriwa mtaalamu, mtaalamu mwenyewe nimekaa pale nakunywa soda yao.

Mimi ninavyoona tunaanza na kiatu kabla ya mguu. Wahindi miaka ya 80 walitaka kununua superkompyuta ya Cray kutoka Marekani wakakataliwa, wakakaa na watu wao wakatengeneza yao, Param, 1991 ikawa tayari, na baadaye Param nyingine ikaja mpaka DIT, chuo cha teknolojia Dar es Salaam, kwa msaada wa India. Wale waliweza kwa sababu watu walikuwepo kabla ya mashine. Afrika Kusini vijana wao wa chuo walikwenda Ujerumani 2013 kwenye mashindano ya wanafunzi ya klasta, yani kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja zifanye kazi moja, mara yao ya kwanza kabisa, wakashinda, 2014 wakashinda tena, 2016 tena. Vijana wa digrii ya kwanza, wamefundishwa tu kukaa na klasta, kuipima na kuibana mpaka itoe kila tone. Mashine zipo duniani, masaa ya kutumia yanaombwa kwa fomu. Tunachokosa ni mtu wa kuijaza ile fomu na akipewa masaa asiyachome kwa wazee 240 mlangoni.

Kazi yenyewe sitaki kuipamba, kijana anayetaka kuja asije na picha ya sinema. Nusu ya wiki yangu nasoma programu za Fortran, lugha ya kompyuta iliyotoka 1957, zimeandikwa na mtu aliyeshastaafu zamani na maelezo hakuacha. Kuna mwezi mzima nilihangaika kuifanya programu iende haraka zaidi kwa asilimia 12 na nilipofanikiwa nikakosa wa kumwambia, nyumbani nikisema asilimia 12 wanauliza ni riba ya nini. Pesa si mbaya lakini ziko nje, na ukiwa nje kila mtu anakuuliza utarudi lini na ukirudi kila mtu anakuuliza umerudia nini.

Nimerudi kwa sababu ya zile 1, 1, 1, 1. Watu wanaotengeneza modeli za dunia ni wazuri na baadhi yao ni rafiki zangu, lakini hakuna kati yao atakayeamka asubuhi kule Reading Uingereza au Boulder Marekani akajiuliza mkondo wa Pemba unapiga vipi kusi likiingia, kina cha mkondo ule ni mita 800 hivi na maji yake yanakwenda mbio, manahodha wanalijua kwa mwili, kompyuta inajua kile tu ulichoiandikia.

Kwa hiyo mimi superkompyuta yangu nishaifungua, Chake, chumba cha nyuma cha nyumba ya ndugu yangu. Kompyuta nne kuukuu zilizotupwa na maofisi, swichi moja ya kuziunganisha, ya bei poa ya Darajani, feni ya meza. Ndo njia ile ile ya Sterling na Becker pale NASA 1994, walipofunga kompyuta 16 za kawaida kwa waya wa kawaida wakaiita Beowulf. Jumamosi wanakuja vijana sita.

Wiki tatu nyuma binti mmoja wa fomu foo aliandika programu yake ya kwanza ya paraleli, joto linavyosambaa kwenye bati, visanduku 100 kwa 100. Kompyuta moja, sekunde 9. Akaziwasha zote nne, sekunde 31. Akarudia, 31. Uso ukashuka, "Mwalimu nimeharibu wapi?" Nikamwambia hujaharibu, angalia kila moja ina visanduku vingapi na inamsemesha jirani mara ngapi. Akakaa kimya akachora kwenye karatasi, mistari ya mipaka, mishale inakwenda na kurudi. "Kazi ndogo, maneno mengi," akasema. Sikumwambia la kufanya, nilikwenda kutia kahawa. Niliporudi kashabadilisha, 1000 kwa 1000, moja peke yake imechukua dakika 15, na nne anazisubiri, wenzake wote wamemzunguka na feni imegeuziwa mashine badala ya watu. Hazikufika dakika 5.

Akaangalia saa ya simu mara mbili. Halafu akaniuliza kama naweza kupata kompyuta ya tano. Nishampata mwenye nayo, yuko Konde, anasema skrini imekufa, nimemwambia ailete hivyo hivyo, skrini hatuna kazi nayo.