Landlodi wa Wiki ya Ishirini

Watu wangu wa Nakuru, mkipita dukani mkanikuta nyuma ya kaunta napima chakula cha kuku msinidharau, mimi niko na nyumba pwani. Iko Diani, vyumba viwili, balkoni, swimingi puli chini, ukisimama kwa kiti unaona bahari. Shida ni moja tu, ni yangu kuanzia Jumamosi saa kumi jioni mpaka Jumamosi ingine saa nne asubuhi, mara moja kwa mwaka. Siku zingine iko na wenyewe, hao wenzangu hamsini na mmoja ambao siwajui hata mmoja. Na ukipiga hesabu vizuri hata hiyo wiki yangu si wiki, kuna masaa sita wameyakata hapo Jumamosi, hiyo sijawahi kuwasamehe.

Hii kitu inaitwa taimshea. Wazungu waliianza huko Ulaya miaka ya 1960, Uswisi na Ufaransa, mtu anataka kuteleza kwa theluji wiki moja tu kwa nini anunue nyumba mzima, wacha wanunue wengi kila mtu na wiki yake. Ukiisikia hivo ina akili. Mimi pia niliiona ina akili, na hapo ndipo mambo yangu yaliharibika.

Ilikua 2019 karibu Krismasi, nimeenda Nairobi kuleta stoki, nikaingia kwa mall moja natafuta choo. Msichana akanipatia kadi ya kukwaruza. Nikakwaruza. "Baba umeshinda!" Sasa mimi mnanijua, sijawahi kushinda kitu, hata vifuniko vya soda vyangu vyote viliandikwa jaribu tena, shuleni hata mbio za magunia nilianguka na gunia. Nikasimama pale na kadi yangu hata choo nikasahau. Nimeshinda wikendi ya watu wawili pwani, kazi yangu ni kurudi Jumamosi na bibi, tusikize mazungumzo ya dakika 90 tu. Na wakakazana bibi lazima aje. Nikasema ona watu wanaheshimu ndoa. Kumbe bibi anaitwa ndio usije ukasema "ngojeni niende nikaulize mama watoto." Mama watoto ndiye huyu hapa, amewekewa samosa mdomoni, muulize sai.

Tuliingia saa nne asubuhi. Kijana wa viatu vya kuchongoka ananiita mheshimiwa. Akaniuliza kwa mwaka natumia pesa ngapi kwa likizo, nikamwambia ukweli, sisi Krismasi tunaenda ushago, ni nauli na kilo nne za nyama na mkate. Hakushtuka. Akaandika 150,000 kwa karatasi, akazidisha na miaka 30, akapigia mstari: milioni 4.5. "Mheshimiwa, unaona vile unatupa pesa?" Na mimi nikaona! Nikaumwa roho kabisa juu ya pesa nyingi nimetupa kwa likizo ambazo sijawahi kwenda.

Halafu kila mtu akitia sahihi meza ile ingine wanapiga kengele na watu wanapiga makofi. Saa saba, saa nane, kengele, makofi. Meneja akaja, akakata bei, akasema hii ni bei ya leo tu, kesho haiko. Sasa hapo ningeamka, kwa sababu hiyo ndiyo lugha yangu mwenyewe, ni mara ngapi nimeambia mkulima wa Subukia achukue mbolea leo kesho inapanda? Lakini kinyozi hajinyoi. Mama Brayo alinikanyaga mguu mara tatu chini ya meza. Nikadhani amefurahi.

Dakika 90 ziliisha saa kumi jioni. Dola 4,800. Dola ikiwa shilingi 103 hivi, karibu laki tano. Nikatuma dipoziti kwa M-Pesa hapo hapo, na hiyo ingine nikachukua loni ya sacco nikaandika ni ya kununua ng'ombe wa maziwa. Kamati mpaka leo inaniuliza ng'ombe anatoa lita ngapi.

Sasa ngojeni niwaambie kitu kinanikosesha usingizi. Kuna sheria Kenya hii, sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka wa 2012, imeongea juu ya hii taimshea kwa jina lake, inasema ukishapewa karatasi za mkataba uko na siku kumi za kubadilisha mawazo bila kueleza mtu sababu. Siku kumi! Ulaya wanapewa 14. Mimi nilijua hii sheria baada ya miaka miwili, Shiro wangu alikua anatafuta kazi ya shule kwa simu akanisomea, nikaenda nikakaa choo cha nje pekee yangu.

Kwa sababu nakumbuka hizo siku kumi vile nilizitumia, moja moja. Siku ya kwanza niliambia duka yote, mpaka yule kijana wa kubeba magunia. Ya pili kanisa. Ya tatu nilienda mitumba nikanunua kaptula ya kuogelea ya maua maua, na siogelei. Ya nne na ya tano nilikua kwa shemeji yangu Kiamunyi, huyu ana ploti ya fifti bai handredi na amekua akinisumbua nayo tangu harusi, nikamwambia wewe uko na ploti mimi niko na ufuo. Ya sita nililala. Ya saba, nane, tisa nilikua natembea na lile faili likiwa kwapani kama wakili, hata nikienda kununua mandazi, na sikulifungua. Ya kumi, jioni, nikalifungua kuonyesha jirani ile picha ya bahari. Picha! Ukurasa wa masharti uko nyuma ya picha!

Ningesoma ningeona yangu ni wiki ya 20. Mwaka wao wameukata kutoka wiki ya 1 mpaka ya 52, na yule wa viatu aliniambia "wiki ya 20 ni tulivu sana mheshimiwa, hakuna msongamano." Hakudanganya. Wiki ya 20 ni katikati ya mwezi wa tano. Mwezi wa tano pwani ndio mvua yenyewe ya masika, kusi inapiga, mwani umejaa ufuoni mpaka ng'ombe anaweza kulishwa. Watoto wako shuleni. Na mimi muuza mbolea, mwezi wa tano ndio mahindi ya Njoro na Rongai yamefika magotini kila mtu anataka mbolea ya CAN ya kutopdresi, yaani kwa hizo wiki 52 zote ile moja tu siwezi kufunga duka ndio niliuziwa. Wiki ya Krismasi niliuliza baadaye. Kijana mwingine alicheka.

Mwaka wa kwanza, 2020, sikuenda kabisa. Si mnakumbuka korona, Kwale na Mombasa na Kilifi zilifungwa mwezi wa nne, Kwale na Kilifi zikafunguliwa mwezi wa sita, Mombasa mwezi wa saba. Wiki yangu ikapita ndani ya kufuli. Nikasema angalau sitalipa. Bili ikakuja. Dola 420 za mentenansi. Nikapiga simu nikauliza ni nini mmementeni na hakuna mtu aliingia, mama mmoja mpole akaniambia, "Baba, nyumba ni kama meno, usipoyatumia bado yanaoza." Sijapata jibu mpaka sai.

2021 tukaenda, mimi na Mama Brayo. Matatu mpaka Nairobi, treni ya SGR, Miritini, matatu, feri ya Likoni na mizigo kichwani, matatu ya Ukunda, tuktuk. Siku mzima na ingine nusu. Kufika, nyumba ni safi, siwezi kudanganya, lakini hakuna mtu anakuja kukuuliza utakula nini. Iko na jikoni. Unajipikia. Bafe ya pale hotelini ni pesa ingine, na bei yake ukiigawanya na sahani unapata mbuzi. Mama Brayo akasimama mbele ya hiyo jiko akaiangalia, akaniangalia. "Baba Brayo, nimepita miji yote hii nije kubadilisha jiko?" Akapika ugali. Mvua ilinyesha siku tano. Tulikaa balkoni tukiangalia swimingi puli ikijazwa na mvua, na ile kaptula ya maua nikaivalia ndani ya nyumba tu, kuokoa nauli.

Siku ya nne tukaitwa mkutano. Mkutano wa wenye nyumba, chai ya bure. Nikavaa shati safi, nikaandika hoja zangu kwa karatasi, namba moja masaa sita, namba mbili wiki ya 20. Nafika, naona projekta. Naona samosa. Mama Brayo akanishika mkono akasema turudi. Ni wale wale! Sasa wanasema hii mambo ya wiki imepitwa na wakati, niongeze tu dola elfu mbili wanigeuzie wiki iwe pointi, pointi naweza kwenda nayo popote duniani, Dubai, Uhispania. Nikauliza wiki yangu ni pointi ngapi. Wakaniambia. Nikauliza Dubai ni ngapi. Wakaniambia. Hizo zangu labda zingenifikisha airport. Na hata bila pointi, kubadilishana wiki kuna mashirika yake, unalipa ada ya uanachama, halafu ada ya kubadilisha, halafu nani huko nje anaamka asubuhi anatamani kutoa Krismasi yake achukue mvua yangu?

Mentenansi nayo haikulala. Ilipanda, ikapanda, ikafika 610, na hiyo ni dola, mimi nauza kwa shilingi. Wakati mnakumbuka Januari 2024 dola imefika 160 na watu wengine wanalia bei ya mafuta, mimi nilikua naangalia taarifa ya habari ya saa moja nimeshika kifua, kila wakisema shilingi imeteleza naona mtu amekanyaga kifaranga wangu. Hiyo bili ilifika 97,600. Wiki moja! Na sikuenda! Kuna landlodi wa London, London yetu ya hapa Nakuru, hawezi kukuitisha hiyo kwa mwaka nusu.

Nikasema nauza. Hapo ndio nilijua ukweli wote. Huko Marekani watu wameziweka kwa intaneti wanauza dola moja, na bado hakuna anayechukua, kwa sababu anayenunua ananunua bili. Mimi yangu niliitangaza laki tatu. Wiki hiyo hiyo nikapigiwa simu, mtu sauti nzito, amepata mzungu anaitaka kwa laki nane, ni mimi kutuma elfu 35 tu za kutayarisha makaratasi. Nilishaanza kubonyeza namba ya siri. Mama Brayo alinyakua simu akaiweka ndani ya ndoo ya layers mash na kukaa juu ya ndoo. Yule mtu alipiga mara kumi na moja, tunasikia tu ndoo ikinguruma.

Kuiacha tu pia ni vita, mkataba hauna mwisho. Kuna zingine za miaka kadhaa zinaisha, yangu imeandikwa milele na milele kama kanisani, na yule wa viatu aliniambia hiyo kama baraka, "hata watoto wako watarithi mheshimiwa." Basi Pasaka nikawaita. Nikaandika wosia, nikawasomea: duka ni la Shiro, kashamba ka Bahati ni ka Brayo, nyumba ya Diani mtagawana. Mimi nimeona ndugu hii Nakuru wakipelekana kortini miaka kumi na mbili kwa kipande cha shamba huwezi kugeuza mkokoteni. Hawa wangu waliangaliana. Brayo akasema, "Babaa, hiyo chukua nayo tu." Shiro akasema dada ndiye mdogo, kaka apewe kwanza, ni heshima. Sijawahi kuona watoto wamelelewa vizuri hivo.

Mwaka huu nikaamua nitafanya sadaka. Kanisa letu lilikua na harambee ya mabati, nikatoa wiki yangu kwa bahati nasibu. Pasta alifurahi mpaka akaitangaza mara mbili. Zawadi ya kwanza, wiki moja pwani, nyumba inaona bahari. Ya pili, mtungi wa gesi kilo sita na bana yake. Ya tatu, jogoo. Akashinda shosho mmoja wa Lanet. Watu wakapiga vigelegele, mimi kwa benchi langu najisikia mtu wa maana, kwanza nasikia ile kengele ya Nairobi masikioni.

Shosho akapanda mbele polepole na fimbo yake, akashika maiki, akauliza nauli iko ndani? Haiko. Chakula? Haiko. Akauliza ni mwezi gani. Nikajibu nikiwa nimekaa, mwezi wa tano. Akaangalia dirisha, akaangalia ile zawadi ya pili mezani, akamwambia pasta, "Mwanangu, huyo baba amefanya vizuri, Mungu amuongeze. Mimi nipee tu gesi."

Lakini gesi ilikua ya namba mbili, na namba mbili naye alikua ameshaikumbatia kwa kiti chake. Pasta akaniangalia. Kanisa mzima likageuka likaniangalia. Mama Brayo akafungua mkoba wake akaanza kuhesabu noti, hata hakuniuliza.