Mianzi ya Wafilipino na mguu wangu

Video najua mmeshaiona, mwenzangu wa chumbani kaitupa grupu la familia hata mguu haujamaliza kuvimba. Sasa tulieni niwape yangu, maana hiyo video yake imeanzia pale pabaya tu.

Jana 12 Juni, sikukuu ya uhuru wa Ufilipino, na hapa kampuni yetu Doha Wafilipino ndo wamejaa. Tukala pansit, zile tambi zao, kisha wakatoa mianzi miwili mirefu. Ngoma inaitwa tinikling, ya kule Leyte, wanamuigiza ndege anaitwa tikling anavyokwepa mitego ya wakulima wa mpunga. Wawili wanachuchumaa huku na huku, wanagonga mianzi chini, chini, halafu pah! wanaibananisha, we unaruka humo katikati peku. Kuna mama mmoja wa laundri, mtu mzima, alikuwa anaruka huku anapiga stori. Nikasema mimi mtoto wa Tanga, huyu mama ananishinda nini?

Mnaocheka subirini, bado.

Viatu nikavua, soksi nikabaki nazo, sababu zangu ninazo. Chini, chini, nikaingia. Pah! nikatoka. Watu mayowe! Nikageuka kwenye kamera nikaachia tabasamu, na hapo wale wagongaji wakaanza kukimbiza, si unajua ikielekea mwisho ngoma inashika kasi. Chini. Mguu wa kulia uko ndani. Chini. Mwanzi nauona unakuja, nauona kabisa jamani, kichwa kimeshasema toka, mguu unauliza niende wapi. Soksi ikateleza kwenye vigae. PAH! Kifundoni. Ile sauti inayoita "mamaaa" kwenye video si ya mtoto, ni yangu, acheni kuulizana. Nikadaka kilichokuwa karibu, nacho ni kitambaa cha meza, kikaja chote, na sinia la pansit likaja nyuma yake taratiiibu, likapita usawa wa uso wangu, likatua mapajani kwa supavaiza. Mwanzi mmoja bado uko juu ya mguu. Na kidole gumba kimetoka nje ya soksi, kinaangalia watu.

Basi, barafu, yule mama akanichua, supavaiza akabadili suruali, leo niko zamu nachechemea.

Asubuhi mama kapiga simu toka Tanga. Nikajua pole inakuja.

"Mwanangu, huko Uarabuni soksi haziuzwi?"