Dakika Tatu za Kunyamaza

Kanuni ya baharini ninayoihusudu kuliko zote haihusu maboya wala mashua za kuokolea. Ni ile iliyowataka maopereta wa simu ya upepo, yaani redio ya melini, wanyamaze.

Kila saa, ilipofika dakika ya 15 na ya 45, meli zilizokuwa kwenye masafa ya kilohezi 500, yaliyotumika kuomba msaada, ziliacha kutuma kwa dakika tatu. Saa ya ukutani katika chumba cha redio ilipakwa rangi nyekundu sehemu hizo, opereta asije akasingizia kusahau. Alitega sikio tu, huenda kuna meli inaita kwa betri inayokata roho.

Kuhusu kuzama kwa meli ya Titanic, wengi hukumbuka uhaba wa mashua. Mimi hukumbuka redio. Usiku wa 14 Aprili 1912, meli ya Californian ilikuwa imesimama kwa sababu ya barafu. Opereta wake, Cyril Evans, aliwapasha habari Titanic. Jack Phillips, opereta wa Titanic aliyezongwa na salamu za abiria za kutumwa, akamwambia anyamaze. Evans hakuwa na wa kumpokea zamu. Akazima mtambo, akalala. Muda mfupi baadaye, saa 5:40 usiku, Titanic ikagonga barafu. Meli ya Carpathia, iliyookoa watu zaidi ya 700, ilisikia wito wa msaada kwa kuwa opereta wake, naye yuko peke yake, alichelewa kulala. Bahati tupu!

Simlaumu Evans. Hakuna sheria iliyomtaka akeshe. Julai mwaka huohuo Marekani ikaamuru meli za abiria zenye watu 50 au zaidi ziwe na maopereta wawili, mmoja awe zamu muda wote, na umeme wa akiba wa saa nne usiotegemea mtambo mkuu wa meli.

Baadaye kikaja kifaa cha kupiga kengele kikisikia mistari mirefu ya Morse, ile lugha ya nukta na mistari, kila mmoja sekunde nne, opereta akiwa usingizini. Wenye meli walifurahi, maana mishahara ilipungua. Tangu 1 Februari 1999 kazi ya Morse imeachiwa setilaiti na redio za kidijitali. Sina ugomvi na hilo; zinafika mbali na hazichoki. Lakini ishara nyingi za hatari siku hizi ni za uongo, kitufe kimebonyezwa kwa bahati mbaya, na anayepaswa kuzichambua ni afisa yuleyule anayeangalia rada na ramani. Kwenye njia zenye msongamano wa meli, kanuni zingepaswa kumtaka awe na mwenzake wa kushughulikia redio tu. Mishahara ya mtu mmoja haiwezi kuwa kisingizio.