Bugobogobo ya jukwaani sio feki, tatizo liko kwenye malipo

Kila Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, inapochezwa pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, mwezi wa 6, malalamiko ni yale yale, kwamba bugobogobo ya pale, yaani ngoma ya kulima na majembe, ni ya kuuzia watalii na nyimbo za kulima za Wasukuma zilikufa siku plau la ng'ombe lilipoingia shambani.

Wanaosema hivyo siwabezi. Shambani wimbo ulikuwa na kazi yake, manju, yaani kiongozi wa wimbo, anaanzisha, vijana kwenye mstari wanaitikia, majembe yanashuka pamoja na aliyechoka anasukumwa na ngoma mpaka shamba liishe. Jukwaani unapewa dakika kumi halafu MC anachukua maiki. Hapo kweli kuna kitu kimepotea.

Ila jamani, lini hizi nyimbo ziliwahi kukaa mbali na watazamaji au na malipo? Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma vilivyoanzishwa na Ngika na Gumha karne ya 19, maisha yao yote ni mashindano, wanapiga ngoma siku moja viwanja jirani na anayevuta umati ndo mshindi, na dawa za kuvutia watu zinatafutwa mapema kabisa. Vikundi vya kulima navyo vilikodishwa, mwenye shamba anaita vijana, kazi ikiisha anatoa mnyama, chakula, pombe au hela kadiri walivyopatana. Yule kijana anayerusha jembe linazunguka hewani na analidaka mpini bila kupoteza pigo la ngoma, hiyo mbwembwe haikusubiri kamera ya mtalii. Na hiyo Bulabo yenyewe imeshikamana na sikukuu ya Ekaristi, Padri David Clement, Mkanada, ndo aliyeikuza pale Bujora kuanzia miaka ya 1950, leo wote tunaiita asili na hakuna anayeshtuka.

Kwa hiyo mi sioni jukwaa kama kaburi la nyimbo hizi. Kinachoniuma ni kwamba zamani aliyefaidika na wimbo alilipa, palepale, mbele za watu. Saa hizi mtu anarekodi ngoma nzima na simu, anaipandisha YouTube, chini anaandika "ngoma ya asili ya Kisukuma" basi, hakuna kijiji, hakuna kikundi, hakuna jina la manju, na matangazo yakiingiza chochote kinaenda kwa mwenye chaneli. Wakati manju wa Kisukuma ana desturi ya kujitaja ndani ya wimbo wenyewe, ng'wana (mwana wa) fulani wa mahali fulani, yaani jina lipo kwenye sauti, aliyerekodi hakujisumbua kuuliza tu. Na tukiambiwa wimbo wa asili ni wa wote, hauna mwenyewe, tunamfungulia mlango huyo huyo mwenye chaneli, kwa sababu kama hauna mwenyewe basi hakuna wa kumlipa.

Wanaopigania asili wangeanzia hapo, jina la manju na kijiji chake viandikwe chini ya video, na hela ikipatikana kikundi kipate fungu lake kama kilivyopata shambani.