Coal Miner's Daughter: je, ile muvi imempendelea mume wa Loretta Lynn?

Mzee Ted Webb, mchimba makaa ya mawe wa Butcher Hollow kule Kentucky, anamkubalia Doolittle Lynn amuoe binti yake Loretta, ambaye baadaye alikuja kuwa staa wa muziki wa kantri, kwa masharti mawili tu: usimpige, na usimpeleke mbali na nyumbani. Jamaa anaitikia pale pale. Haipiti muda mrefu kampiga, halafu kambeba mpaka jimbo la Washington, upande wa pili kabisa wa Marekani, na mzee anafariki 1959 binti yake akiwa huko huko. Mi naona ubishi wote kuhusu hii muvi unaanzia hapo kwenye zile ahadi mbili, sababu muvi yenyewe inazionyesha zikivunjwa waziwazi na bado ikifika mwisho unajikuta unampenda yule mwanaume. Sasa hiyo ni haki au ni upendeleo?

Kwa ambao hamjaiona, ilitoka 1980, imeongozwa na Michael Apted, Sissy Spacek kacheza kama Loretta na Tommy Lee Jones ndo Doolittle, au Doo kwa kifupi. Loretta mwenyewe ndo alimchagua Spacek, na yule dada nyimbo zote kaimba kwa sauti yake, akabeba tuzo ya Oscar, na kwa kweli alistahili. Beverly D'Angelo naye aliyecheza kama Patsy Cline, mwimbaji mwenzake Loretta wa kantri, kaimba mwenyewe, na zile sini zao wawili ni kati ya vitu vizuri sana mle ndani mpaka Patsy anapokufa kwa ajali ya ndege 1963. Chanzo cha muvi ni kitabu cha maisha yake Loretta cha 1976.

Wanaosema muvi imempendelea Doo wana hoja nzito. Muvi inamwonyesha Loretta kaolewa na miaka 13, yeye mwenyewe alisema hivyo kwa miaka mingi tu, ila 2012 waandishi wa habari wakaibuka na cheti chake cha kuzaliwa na hati ya ndoa, ikaonekana siku ya harusi Januari 1948 alikuwa na 15 anaelekea 16, na Doo ana 21. Hata hiyo 15 ni mtoto jamani. Na usiku wa harusi ulivyopigwa picha, binti hajui chochote, anaogopa, mwanaume anatumia nguvu, halafu sini inayofuata mambo yanaendelea kama kawaida. Akiwa na miaka 20 tayari ana watoto wanne. Kwetu Tanzania hii sio hadithi ya mbali hata kidogo, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipeleka mahakamani, akashinda Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani ikabariki ushindi ule 2019. Kwa hiyo mtu wa huku akiangalia ule usiku kwenye muvi hawezi kusema ah, ni mambo ya kale ya wazungu wa milimani.

Halafu kuna Tommy Lee Jones mwenyewe. Yule bwana ana mvuto, anacheka vizuri, anaendesha kile kigari chake kupanda mlima wa vumbi watu wanashangilia, na ukishampa mhusika mlevi na mgomvi muigizaji mwenye mvuto wa namna ile basi nusu ya makosa yake yanasamehewa kabla hajayafanya.

Ila upande wa pili nao tusiupuuze. Bila Doo hakuna Loretta Lynn tunayemjua, na aliyekuwa anasema hivyo ni Loretta mwenyewe, sio mashabiki wa Doo. Binti alikuwa anaimba nyumbani akiwabembeleza watoto, aibu imemjaa, hana hata wazo la jukwaa. Mume ndo akasikia kuna kitu pale, akamnunulia gitaa la Harmony la dola 17 kutoka duka la Sears, akamsukuma apande jukwaani kwenye baa za huko Washington wakati mwenyewe anatetemeka. 1960 ikatoka Honky Tonk Girl kwenye lebo ndogo sana ya Zero, hawana pesa ya matangazo, wakaingia kwenye gari wawili wakazunguka redio baada ya redio na santuri mkononi, wanakula mikate njiani, wanalala humo humo garini, wimbo ukapanda mpaka namba 14 kwenye chati ya kantri ya Billboard. Mwaka huo huo Loretta akaimba Grand Ole Opry, lile onyesho kubwa la kantri. Ni wanaume wangapi wa Kentucky ya enzi zile, tena wenye wivu kama Doo, wangemtanguliza mke mbele ya umati halafu wao wabaki nyuma wamebeba mabegi? Na muvi inaonyesha vizuri gharama yake pia, mke akishakuwa staa jamaa anabaki anahangaika hajui nafasi yake ni ipi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hiyo sehemu mi naiheshimu sana, hakuna aliyegeuzwa shetani wala malaika.

Na Loretta hakuwa mtu wa kuonewa akanyamaza. Alisema wazi kwamba Doo akimpiga mara moja yeye anarudisha mara mbili. Wakakaa kwenye ndoa miaka 48 hivi mpaka Doo alipofariki 1996. Lakini hapa naomba tuwe makini, kurudisha ngumi hakufuti ngumi ya kwanza, na ndoa kudumu sio ushahidi kwamba ilikuwa salama.

Kwa upande wangu kosa kubwa la muvi haliko kwa Doo hata kidogo, liko kwenye jinsi ilivyoipuuza kalamu ya Loretta. Huyu mama alikuwa mtunzi, na majibu yake yote kwa mume aliyatoa kwenye nyimbo. You Ain't Woman Enough ya 1966 kamwandika mwanamke anayetaka kumpora mume, Don't Come Home A-Drinkin' aliyoitunga na mdogo wake ndo ikawa namba moja yake ya kwanza, ujumbe wake usirudi umelewa ukadhani utapata mapenzi, halafu Fist City ya 1968 anamtishia mwanamke aliyekuwa anamnyemelea Doo kwamba atamchapa. 1975 akatoa The Pill, hii walitunga wengine ila kaiimba yeye, mwanamke anafurahi kwamba sasa ana vidonge vya uzazi wa mpango na hatazaa tena kila mwaka, redio kibao zikagoma kuipiga. Ile haikuwa burudani tu, ni mke anamjibu mumewe mbele ya Marekani nzima, na mume huyo huyo ndo aliyemsukuma apande jukwaani. Hebu fikiria maongezi ya nyumbani siku kama hizo! Muvi inazipita nyimbo zake kama maonyesho ya jukwaani tu, tunamwona Doo anavyonunua gitaa, hatumwoni Loretta amekaa mezani usiku anakata mstari huu anaweka ule. Ndo maana watazamaji wengi wanatoka wakidhani Doo alimtengeneza, wakati Doo alifungua mlango na aliyeingia na kujenga nyumba ni mwingine.

Na kuna kitu watu wanasahau, muvi ilitengenezwa Doo akiwa hai. Kitabu cha pili cha Loretta kilitoka 2002, mume ameshafariki, na humo ndo akafunguka zaidi kuhusu pombe, wanawake wa nje na kipigo, na bado humo humo anasema alimpenda. Huko Nairobi kantri ina mashabiki wa kufa na kupona na Sir Elvis anaiimba miaka yote, naamini wengi wao Loretta wanamjua kupitia hii muvi ya 1980 peke yake. Loretta alifariki Oktoba 2022 akiwa na miaka 90, kwa hiyo hakuna tena wa kumlinda wala wa kumwogopa, mtu akitaka kuigiza ndoa ile upya aanzie kwenye kitabu cha 2002, na safari hii kamera ikae upande wa meza anakoandikia mama.