Larwood hakuwa na la kuomba radhi

Hadi leo wapo wanaomtaja Harold Larwood, mrusha mpira wa kriketi, kama mkosaji mkuu wa ziara ya timu ya Uingereza kule Australia, msimu wa 1932/33, kwa kurusha mipira iliyolenga miili ya wapigaji. Mimi nasema alitolewa kafara, na waliomtoa ni mabosi wake mwenyewe.

Alizaliwa Nuncargate, kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Nottinghamshire. Akiwa na miaka 14 alishaingia mgodini, akiongoza farasi wadogo waliovuta makaa gizani. Kriketi ndiyo iliyomtoa huko. Kaunti yake ilimchezesha mara ya kwanza 1924, na miaka miwili baadaye akaichezea Uingereza. Kwa mrusha mpira wa kasi alikuwa mfupi, lakini kasi yake iliwatisha wapigaji wote, na alistaafu akiwa na wiketi 1,427, yaani wapigaji aliowatoa, katika mechi za daraja la kwanza.

Mbinu ya kulenga mwili wa mpigaji, wadakaji wakiwa wamejazana upande wa mguu, yaani ule wa mgongoni mwake, kudaka mpira aliougusa akijikinga, iliamriwa na nahodha Douglas Jardine ili kumzima Don Bradman, mpigaji hodari wa Australia. Ilikuwa mbinu katili, sibishi. Kule Adelaide mpira wa Larwood ulimpiga nahodha wa Australia, Bill Woodfull, karibu na moyo. Woodfull alipopata nafuu na Larwood kurudi kumrushia, Jardine alisimamisha mchezo, akawahamisha wadakaji kwenda upande ule ule wa mguu. Uwanja mzima ukalipuka kwa hasira. Sasa niambieni, nani alikuwa anaamua pale?

Uingereza ilishinda mechi 4 kwa 1, Larwood akiwa na wiketi 33. Kwenye mechi ya mwisho, Sydney, alivunjika mfupa wa mguu, hawezi tena kukimbia. Jardine alimkataza kutoka uwanjani hadi Bradman aondolewe kwanza.

Baadaye MCC, klabu ya kriketi ya London iliyokuwa ikisimamia timu, ilimtaka Larwood aombe radhi. Akakataa katakata: alifanya alichoagizwa. Hakuitwa tena timu ya taifa. Jardine, msomi wa Oxford na mchezaji wa ridhaa, aliendelea na unahodha hadi ziara ya India. Mchimba makaa aliyecheza kwa ujira ndiye aliyebebeshwa mzigo, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwaka 1950 alihamia Australia na familia yake, akisaidiwa na Jack Fingleton, mmoja wa wapigaji wa Australia aliowarushia mipira ile. Nchi aliyoiumiza ilimpokea vizuri. Kwao Uingereza, nishani ilikuja 1993, akiwa na miaka 88, miaka 60 baada ya Adelaide. Walichelewa mno.